Iten Walipata Mwalimu Aliyebaki. Kotile Je?

Wiki jana usiku YouTube ilinitupia kitu sikuwa nimekitafuta: fainali ya softiboli ya wasichana wa vyuo vikuu vya Marekani, pale Oklahoma City. Uwanja umejaa hadi pomoni. Msichana anarusha mpira kwa chini, mkono unazunguka kama feni, na mashabiki wanapiga kelele utadhani ni Gor na Ingwe.

Wacha niseme ukweli, softiboli siijui. Mimi ni mtoto wa Kotile, kule chini ya mto Tana karibu na Masalani. Kwetu mpira ni wa miguu, na wasichana walikuwa na raunda, basi. Lakini kilichonishika usiku ule haukuwa mchezo wenyewe. Walikuwa makocha. Niliwaangalia pale kando ya uwanja nikajiuliza: hawa watu walitoka wapi? Nani aliwaambia kwamba kufundisha wasichana kupiga mpira na gongo ni kazi ya maisha?

Nikaanza kusoma historia zao. Kuja kushtuka, ni saa nane usiku. Na kumbe nilikuwa nasoma habari yetu sisi.

Tuanze huko huko. Mwaka 1972 Marekani walipitisha sheria inayoitwa Title IX. Inasema shule au chuo kinachopokea pesa za serikali kuu kisimbague mtu kwa sababu ya jinsia. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana timu, viwanja na makocha. Fainali za kwanza za softiboli za NCAA, lile shirika linalosimamia michezo ya vyuo, zilichezwa 1982. Mabingwa walikuwa UCLA, na kocha wao alikuwa Sharron Backus.

Sasa sikiliza hapa. Katika miaka ya sabini Backus alikuwa na mchezaji anaitwa Sue Enquist. Enquist alipomaliza kucheza hakwenda mbali, akarudi kuwa msaidizi wa kocha wake, baadaye wakafundisha pamoja, mwisho akaichukua timu hadi 2006. Mwishoni mwa miaka ya themanini timu hiyo hiyo ilipata mdakaji anaitwa Kelly Inouye-Perez. Naye akacheza, akabaki kama msaidizi, na 2007 akawa kocha mkuu. Akaleta ubingwa 2010, akaleta tena 2019.

Umeona hiyo? Kocha alizaa mchezaji, mchezaji akawa kocha, akazaa mchezaji mwingine, huyo naye akawa kocha. Chuo kimoja, mnyororo mmoja, zaidi ya miaka arobaini.

Halafu kuna Patty Gasso wa Oklahoma. Kabla ya hapo alikuwa anafundisha Long Beach City College, chuo kidogo cha California. Alipofika Oklahoma 1995 timu haikuwa hata na uwanja wake, walikuwa wanachezea bustani ya umma pale mjini Norman. Bustani, wasee! Mwaka 2000 wakachukua ubingwa. Wakarudia 2013, 2016, 2017, halafu wakachukua minne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024. Leo ukitaja softiboli ya vyuo, jina lake ni kati ya yale ya kwanza kutajwa. Lakini kati ya bustani na yale mataji manne mfululizo kuna miaka zaidi ya ishirini ya mtu mmoja kubaki mahali pamoja.

Shika hilo neno: kubaki. Tutalihitaji.

Sasa turudi nyumbani, tupande Iten.

Ukiuliza vijana wa Nairobi kwa nini Wakalenjin wanakimbia, utaambiwa ni damu, ni ugali, ni maziwa ya mursik, ni kimo cha milima. Yote hayo yana wenyewe wa kuyatetea. Lakini milima ya Elgeyo ilikuwepo miaka elfu nyingi kabla ya medali. Kuna kitu kiliongezwa.

Mwaka 1976 alikuja Iten bruda mmoja wa Kikatoliki kutoka Ireland, Colm O'Connell. Alikuja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa kocha, hakuwahi kuwa mwanariadha wa maana, na hakuwa na cheti chochote cha riadha. Pale shuleni alimkuta mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster yule mkimbiaji. Foster ndiye alikuwa anashughulikia riadha, na O'Connell akawa anamsaidia. Foster alipoondoka kurudi kwao, mwalimu wa jiografia akaachiwa vijana wa watu na saa ya kupimia.

Angeweza kusema hiyo si kazi yangu. Badala yake alianza kujifunza kwa kuwaangalia wale wanafunzi. Anaangalia mguu unavyokanyaga, anaangalia nani anachoka mapema na nani anacheka akimaliza. Na alibaki. Mkataba ukaisha, akabaki. Miaka ikawa kumi, ikawa thelathini, ikapita arobaini.

Matokeo unayajua hata kama hukujua chanzo. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda Boston Marathon, mwaka 1988, alisoma St Patrick's. Peter Rono, dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988, St Patrick's. Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, St Patrick's. Wilson Kipketer, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 akikimbilia Denmark, St Patrick's. Na David Rudisha hakusoma shule hiyo, lakini kocha wake alikuwa yule yule bruda. Tarehe 9 Agosti 2012, London, dakika 1 na sekunde 40.91. Rekodi ya dunia.

Huyo ni mwalimu wa jiografia, wasee. Wa jiografia!

Na ukichunguza, Kenya makocha wetu wengi wametoka njia kama hizo. Wengine walimu, wengine polisi, wengine jeshi na magereza. Kipchoge Keino mwenyewe alikuwa polisi, mkufunzi wa mazoezi ya mwili. Hakuna aliyezaliwa na filimbi shingoni.

Sasa nikupe mtu ambaye habari yake inaunganisha Marekani na kwetu: Paul Ereng. Ereng ni Mturkana. Naomba hilo ulishike, kwa sababu Turkana na Garissa tunajuana. Sisi ndio watu wa kaskazini na mashariki, wa jua na vumbi, ambao kwenye ramani ya michezo ya Kenya tunaachwa weupe. Ereng alisoma Starehe, akapata nafasi Chuo Kikuu cha Virginia. Alikuwa mtu wa mita 400. Mwaka 1988 akahamia 800, na mwaka huo huo, Seoul, akachukua dhahabu ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Mwaka mmoja ndani ya mbio hizo na tayari yuko juu ya dunia.

Wengi hapo ndipo wanapofunga kitabu. Lakini Ereng alienda kuwa kocha wa mbio za nyika katika chuo cha UTEP, mjini El Paso, Texas. Mji wa jangwa! Na mwaka 2016 kuelekea 2017 akampokea kijana kutoka Kenya anaitwa Emmanuel Korir. Korir naye alikuwa ametokea kwenye mita 400. Ereng alikuwa anaijua hiyo barabara, kwa sababu aliipita kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 2017 Korir akawa bingwa wa NCAA wa mita 800, ndani na nje ya ukumbi. Mwaka 2021, Olimpiki ya Tokyo, Korir akachukua dhahabu ya mita 800.

1988 mwanafunzi, 2021 mwalimu. Miaka 33, mbio zile zile, medali ile ile. Ni ule mnyororo wa UCLA tena, sema huu una jina la Kiturkana.

Kuna msee atasema, sawa, lakini sisi Wasomali wa Garissa si watu wa kukimbia. Hebu tulia. Abdi Bile alitoka Somalia, akasoma George Mason kule Virginia, na 1987 akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Roma. Na Mo Farah ana dhahabu nne za Olimpiki, mbili London 2012 na mbili Rio 2016.

Habari ya Mo Farah ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mwaka 2022 alisema hadharani kitu alichokificha miaka mingi: kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Hussein Abdi Kahin, kwamba alizaliwa Somaliland, na kwamba akiwa mtoto wa miaka tisa hivi alipelekwa Uingereza na mwanamke asiyemjua, kwa jina la mtoto mwingine, akafanyishwa kazi za nyumbani. Alipoingia shule huko Feltham, magharibi mwa London, Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Mtu aliyeona kwamba huyu mtoto akiwa uwanjani anakuwa mtu mwingine alikuwa mwalimu wake wa PE, Alan Watkinson. Na Mo alipoamua kusema ukweli wa maisha yake, mtu aliyemwendea ni yule mwalimu. Watkinson akawaita watu wa ustawi wa jamii, mtoto akaondolewa katika ile nyumba. Baadaye akamsaidia hata kutafuta uraia.

Fikiria hapo. Kabla ya medali, kabla ya kocha wa kimataifa, kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya kawaida ambaye mtoto alimwamini. Kocha si mtu wa kushika saa tu. Wakati mwingine yeye ndiye mtu mzima pekee anayekuona.

Sasa nije kwetu. Hapa naandika polepole kidogo.

Nikiwa shule ya msingi tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili kutoka magharibi mwa Kenya. Sitamtaja jina. Jioni, jua likipoa, alikuwa anachukua majivu ya jikoni anachora mistari kwenye uwanja wa vumbi. Njia sita, zimepinda kidogo, lakini ni njia. Alikuwa na saa ya mkononi na daftari la kurasa 96. Kila mtoto alikuwa na mstari wake kwenye lile daftari.

Darasani mwetu kulikuwa na msichana aliyetupita sisi wavulana wote. Wallahi wote. Anakimbia na buibui limefungwa kiunoni, suruali ndani, miguu mitupu. Mwalimu alikuwa anaangalia saa, anaangalia tena, anatikisa kichwa. Siku moja alienda kwa baba yake. Hatukujua waliongea nini, lakini msichana aliruhusiwa kwenda mashindano Masalani, na alirudi na sahani ya plastiki na daftari. Zawadi ya kwanza.

Desemba 2014 mwalimu alienda kwao likizo. Januari 2015 hakurudi.

Na simlaumu. Tarehe 22 Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi Mandera wakaua watu 28, na wengi wao walikuwa walimu wanaoenda nyumbani likizo. Wewe ungerudi? Mama yako angekuruhusu? Miezi michache baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapa hapa kaunti yetu, kwenye njia ya kutoka Garissa kuja Masalani. Kila mara ikawa vile vile: walimu waliotoka nje wanaomba uhamisho, TSC inawahamisha, madarasa yanabaki na viti.

Watu wakizungumza hasara hiyo wanazungumza mitihani. Hakuna mwalimu wa kemia, hakuna mwalimu wa hesabu, gredi zinaanguka. Ni kweli, na ni kubwa. Lakini kuna hasara ambayo haina gredi kwa hivyo hakuna anayeihesabu. Lile daftari la kurasa 96 liliondoka. Ile mistari ya majivu ilipeperushwa na upepo kwa wiki moja. Na yule msichana hakukimbia tena. Sasa ni mama, ana watoto, nikipita Masalani namwona anauza maziwa na tunasalimiana vizuri. Hana habari kwamba namfikiria kila Olimpiki.

Pale karibu na kwetu kuna Ishaqbini, hifadhi ya jamii ya hirola, yule swala adimu ambaye dunia nzima inamhofia kuisha. Tangu 2012 kuna eneo lenye uzio na walinzi, ili hirola azae kwa amani. Mimi naipenda hiyo kazi, ni ya watu wetu na imetupa heshima. Lakini siku nyingine nikipita nawaza: swala anayekimbia tumempa uzio na walinzi. Mtoto anayekimbia tumempa nini?

Najua kuna watakaosema, bro, Iten iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, nyinyi mko tambarare na joto la kuoka mkate. Sawa. Lakini Feltham si mlima. El Paso ni jangwa, na Norman si Iten. Mita 800 haihitaji theluji, na softiboli, voliboli na mpira wa mikono havihitaji kilima hata kimoja. Mahali pote nilipotaja hapa pana kitu kimoja tu kinachofanana: mwalimu alikuwepo leo, alikuwepo mwaka ujao, na alipochoka kulikuwa na mtu aliyemfundisha wa kushika nafasi yake.

Wengine watasema wasichana wetu na mavazi, na dini. Katikati ya miaka ya 2000, pale Dadaab, kaunti hii hii ya Garissa, Nike na UNHCR walikaa na wasichana wakimbizi wa Kisomali wakashona nguo za voliboli zinazofunika mwili na kuruhusu kuruka. Kitambaa kilipatikana. Tatizo halikuwa kitambaa. Na nikikumbuka yule mwalimu akienda kuongea na baba wa msichana, nadhani hata baba hakuwa tatizo. Mzazi wa kwetu anauliza swali moja tu: nani atakuwa naye huko? Akijua ni dada wa pale jirani, binti wa fulani aliyesomea ualimu na anaswali na sisi, unafikiri atakataa? Ndiyo maana ule mnyororo wa UCLA ulinikaa kichwani. Wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja aliwahi kuwa mtoto wa timu au mlezi wake.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na unaweza kuyapinga. Tuache kungoja bruda wa kutoka Ireland. Hata O'Connell mwenyewe angetuambia alipatikana kwa bahati, na bahati si mpango. Walimu wa kutoka nje waliotufundisha tuwashukuru, na wakija tena tuwalinde kwa macho yetu wenyewe, maana walikufa wakifundisha watoto wetu. Lakini mtu atakayebaki Kotile miaka thelathini ni mtu ambaye Kotile ni kwao. Chuo Kikuu cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na wanafundisha ualimu pale. Kuna vijana wa Ijara, wa Fafi, wa Hulugho wanaosomea kazi hiyo sasa hivi. Kaunti ikitaka kununua jezi za kupigia picha, sawa, inunue. Lakini ikimlipia mwalimu mmoja kijana kozi ya ukocha, na kumpa sababu ya kubaki, hiyo ndiyo itaonekana mwaka 2050.

Na wewe unayesoma hii uko Eastleigh, South C, au bweni la chuo fulani, ulitoka kwenu na una mbio au mpira ndani yako: likizo ukirudi nyumbani, usikae tu kwenye kivuli ukiangalia simu. Chukua majivu jikoni kwa mama, chora njia sita. Hazitakuwa sawa, hakuna neno. Chukua daftari. Andika jina la kila mtoto na muda wake. Likizo ijayo rudi na daftari hilo hilo. Mtoto akiona jina lake bado liko, atajua kuna mtu anamngoja. O'Connell alianza na zaidi ya hapo kidogo tu.

Mimi Kiswahili nilikipenda kwa sababu ya mwalimu aliyekuwa akichora mistari jioni. Kama anasoma hapa, nataka ajue kitu kimoja: mwalimu, sikuwahi kuwa na mbio, na kwenye daftari lako nilikuwa wa mwisho karibu kila wiki. Lakini likizo hii ya Agosti naenda Kotile, na nimeshanunua saa.